Miaka Mia Tatu ya Kumjua Bakteria

Mwaka 1676, katika mji wa Delft nchini Uholanzi, mfanyabiashara wa vitambaa aliyeitwa Antonie van Leeuwenhoek alitaka kujua kwa nini pilipili manga inawasha. Meli za Waholanzi zilikuwa zikiileta kwa shehena kutoka ng'ambo ya Bahari ya Hindi, na yeye alidhani huenda punje zake zina ncha kali zisizoonekana, zinazochoma ulimi. Akailoweka majini, akaiacha kwa majuma kadhaa, kisha akachukua tone la maji yale na kulitazama kwa lenzi ndogo aliyoisugua kwa mikono yake mwenyewe. Ncha hakuziona. Aliona viumbe hai, wengi kupita hesabu, wakienda huku na huku ndani ya tone moja, na baadhi yao wadogo kuliko kitu chochote chenye uhai ambacho jicho la mwanadamu lilikuwa limewahi kukiona.

Tarehe 9 Oktoba mwaka huo aliandika barua ndefu kwa Royal Society ya London. Aliiandika kwa Kiholanzi, maana Kilatini cha wasomi hakukijua. Wakubwa wa London walisita kuamini. Mtu huyu hakuwa na shahada, na zaidi ya hapo aligoma kueleza namna anavyotengeneza lenzi zake. Ikabidi atafute mashahidi wa kuheshimika, wachungaji wa kanisa wakiwamo, waje watazame na kutia saini kwamba wameona. Mwezi Novemba 1677 Robert Hooke alilirudia jaribio la pilipili mbele ya wanachama wa Royal Society, nao wakaona. Mwaka 1680 mfanyabiashara yule akachaguliwa kuwa mwanachama mwenzao.

Mwaka 1683 alikwangua utando mweupe katikati ya meno yake, akauchanganya na maji safi na kuchora alichokiona: vidoa vya duara, vijiti vifupi, na vingine vilivyopinda. Michoro hiyo ni miongoni mwa picha za kwanza kabisa za bakteria, na tukiiangalia leo tunawatambua bila shida.

Kuanzia hapo, mwanadamu alichukua miaka mia tatu kuujua mwili wa kiumbe huyu, na aliujua kwa mfuatano: kwa jumla kutoka nje kuingia ndani. Lilitangulia umbo, ukafuata ukuta, kisha ganda, kisha urithi uliomo ndani, na mwishowe ukajulikana undugu wake na viumbe wengine. Karibu kila aliyepiga hatua katika safari hiyo alikuwa akitafuta jambo jingine, kama yule wa pilipili. Wengi wao walitafuta adui wa kuua.

Umbo

Leeuwenhoek alifariki mwaka 1723 akiwa na umri wa miaka 90, na siri ya lenzi zake akaenda nayo. Hadubini za wengine zilitoa picha zenye ukungu na kingo za rangi, kiasi kwamba ilikuwa vigumu kujua kipi ni kiumbe na kipi ni kasoro ya kioo. Linnaeus wa Sweden, bingwa wa kuainisha mimea na wanyama, alipowafikia viumbe hao mwaka 1767 aliwarundika pamoja katika jenasi aliyoiita Chaos, akaendelea na mambo mengine.

Lenzi zilipoboreshwa katika karne ya 19, kazi hiyo iliangukia mikononi mwa mtaalamu wa mimea, Ferdinand Cohn, katika chuo kikuu cha Breslau, mji ambao leo ni Wrocław nchini Poland. Mwaka 1872 Cohn aliwagawa bakteria kwa umbo: wa duara, wa vijiti vifupi, wa vijiti virefu na nyuzi, na waliojisokota. Leo mgawanyo huo unaonekana mwepesi, lakini wakati ule ulikuwa na hoja nzito ndani yake. Wataalamu wengi waliamini kwamba kijidudu kimoja kinaweza kugeuka chochote, leo cha duara, kesho cha kijiti, leo cha kuozesha nyama, kesho cha kuleta homa. Cohn alishikilia kwamba kila aina huzaa aina yake, kama ilivyo kwa mbuzi na mwembe. Bila msimamo huo, kusema kwamba ugonjwa fulani unaletwa na bakteria fulani kusingekuwa na maana yoyote.

Cohn alisema jambo jingine ambalo halikupata wasikilizaji wengi kwa wakati huo. Alieleza kwamba kuoza ni kazi ya bakteria, na kwamba bila kazi hiyo maiti za mimea na wanyama zingelundikana duniani huku zikiwa zimefungia ndani yake vitu ambavyo viumbe wapya wanavihitaji ili wakue.

Mwezi Aprili 1876 daktari wa wilaya kutoka mji mdogo wa Wöllstein alibisha hodi kwake. Jina lake Robert Koch. Alikuwa na hadubini, sanduku la vifaa, na habari kuhusu kimeta, ugonjwa uliokuwa ukimaliza kondoo na ng'ombe wa wafugaji wa Ulaya. Wengine walikwisha kuona vijiti katika damu ya mifugo iliyokufa kwa kimeta, ila hawakuweza kueleza kwa nini malisho fulani yaliendelea kuua hata baada ya kukaa miaka bila mfugo. Huko Ufaransa wakulima waliyaita mashamba yaliyolaaniwa.

Koch aliwakuza bakteria wa kimeta katika umajimaji wa jicho la ng'ombe na kuwatazama saa baada ya saa. Vijiti vilirefuka vikawa nyuzi, na ndani ya nyuzi vikatokea vidoa vya kung'aa. Hizo zilikuwa spora. Bakteria anapoona chakula kimekwisha, hukusanya urithi wake, huuzungushia tabaka nene moja juu ya jingine, hutoa maji karibu yote, kisha hulala. Spora haihitaji chakula, hustahimili jua na ukame, na aghalabu hustahimili hata maji yanayochemka. Inaweza kukaa udongoni miaka mingi ikingoja mnyama aile pamoja na nyasi. Laana ya yale mashamba ilikuwa ni sehemu ya mwili wa bakteria.

Ndiyo sababu hadi leo, katika maeneo kama Ngorongoro ambako kimeta bado hujitokeza kwa mifugo na wanyamapori, wataalamu wa mifugo huonya kwamba mzoga usipasuliwe. Spora hutengenezwa pale damu inapokutana na hewa. Mzoga uliofungwa huwaozesha bakteria ndani yake, ilhali uliopasuliwa hupanda ugonjwa ardhini.

Ukuta

Baada ya kimeta, Koch alihamia Berlin, na tarehe 24 Machi 1882 akatangaza kwamba amempata bakteria wa kifua kikuu. Maabara za Ulaya zikajaa vijana wenye ari ya kusaka vijidudu. Mmoja wao alikuwa daktari wa Denmark, Hans Christian Gram, aliyekuja Berlin kufanya kazi na Carl Friedländer. Shida yake ilikuwa ndogo. Alipotazama vipande vya mapafu ya watu waliokufa kwa nimonia, rangi iliyowashika bakteria iliishika pia nyama ya mapafu, wakapotea humo. Alitaka rangi itoke kwenye nyama na ibaki kwa bakteria.

Mwaka 1884 alipata njia: rangi ya zambarau kwanza, kisha iodini, kisha kusuuza kwa alkoholi. Nyama ilitakata, bakteria wakabaki zambarau. Lakini si wote. Baadhi walipoteza rangi pamoja na nyama, na Gram aliihesabu hiyo kuwa dosari ya njia yake. Kumbe dosari hiyo ndiyo iliyokuwa uvumbuzi wenyewe.

Sababu ilijulikana vizuri katika karne ya 20, hadubini za elektroni zilipoonyesha ukuta wa bakteria ulivyo. Nje ya utando laini unaoufunga mwili wake kuna kitu kiitwacho peptidoglaikani, minyororo ya sukari iliyofungwa pamoja kwa vipande vya protini mithili ya wavu wa mvuvi, nyuzi kwa mafundo. Ndani ya bakteria shinikizo la maji ni kubwa, na wavu huo ndio unaomzuia asipasuke. Kwa wale waliobaki zambarau, wavu ni mnene na wa tabaka nyingi, hivyo rangi hunaswa humo. Wale wengine wana wavu mwembamba, na juu yake wamevaa utando wa pili wa mafuta ambao alkoholi huuvunja, rangi ikatoka. Kwa hiyo bila kujua, Gram alikuwa amewagawa bakteria kwa ujenzi wa kuta zao. Mgawanyo huo bado unatumika katika maabara za hospitali, maana humsaidia daktari kuchagua dawa kabla jina la bakteria halijajulikana.

Papasi wa njia za misafara

Yako magonjwa ambayo watu wa Afrika Mashariki na Kongo waliyajua kwa chanzo chake kabla maabara hazijayafikia. Wasafiri wa njia za misafara walimwogopa papasi, kupe laini anayejificha katika nyufa za kuta na sakafu za udongo mchana, akatoka usiku, akanyonya damu ya aliyelala na kurudi ufichoni kabla hakujapambazuka. Aliyeumwa alishikwa na homa kali kwa siku kadhaa, ikapoa akadhani amepona, kisha ikarudi, ikapoa tena na kurudi tena.

Mwaka 1904 madaktari wa Kiingereza Philip Ross na Arthur Milne, wakiwa Uganda, walionyesha kwamba homa hiyo hupitia kwa papasi. Wakati huohuo Joseph Everett Dutton na John Todd walikuwa Kongo wakichunguza jambo lilelile. Wote wawili waliugua. Todd alipona, lakini Dutton alifariki mwezi Februari 1905 huko Kasongo, mji ambao kizazi kimoja nyuma ulikuwa makao ya Tippu Tip. Alikuwa na umri wa miaka 30. Bakteria wa homa ya papasi ana jina lake hadi leo: Borrelia duttonii.

Mwaka huohuo wa 1905 Koch naye alikuwa katika Afrika Mashariki ya Kijerumani. Alikwisha kuja Dar es Salaam mwaka 1897, na safari hii alipita akikagua nyumba na vibanda vya njiani, akiwatoa papasi udongoni na kuwapasua. Aliwakuta bakteria matumboni mwao, na zaidi ya hapo aliwakuta ndani ya mayai. Papasi mama huwarithisha watoto wake bakteria, kwa hiyo nyumba ikishaingiliwa inaweza kubaki na ugonjwa hata pasipo mgonjwa wa kuuleta.

Bakteria huyu ni wa lile kundi la Cohn la waliojisokota, na umbo lake lina kazi. Bakteria wengi wanaojongea huwa na mijeledi, nyuzi ndefu za protini zinazochomoza nje ya mwili na kuzungushwa na mtambo ulio kwenye utando. Borrelia ameificha mijeledi yake ndani, chini ya utando wa nje. Ikizunguka, mwili mzima huzunguka nayo, naye hupenya katika damu nzito na katikati ya seli kwa wepesi ambao wenzake hawana. Hata kurudirudi kwa homa kunatokana na mwili wake. Kinga ya binadamu humtambua kwa protini zilizo juu ya ngozi yake na kuwaua karibu wote. Wachache waliobadilisha protini hizo hunusurika, huzaana, na homa huanza upya kwa sura ambayo mwili bado hauijui.

Kazi ya udongoni

Wakati wawindaji wa magonjwa wakitajwa magazetini, watafiti wachache waliwatazama bakteria kwa swali tofauti: wanaishi kwa kazi gani? Louis Pasteur alikwisha kuanza njia hiyo mwaka 1857, akiwa Lille, alipoonyesha kwamba maziwa huchachuka kwa kazi ya viumbe hai wanaogeuza sukari ya maziwa kuwa asidi. Asidi hiyo huwafukuza bakteria wengine, na ndiyo maana maziwa ya mgando yaliyotunzwa kwenye kibuyu hudumu siku nyingi kuliko maziwa mabichi.

Swali zito zaidi lilikuwa la nitrojeni. Asilimia 78 ya hewa ni nitrojeni, na hakuna protini isiyokuwa nayo, lakini mmea hauwezi kuichukua kutoka hewani. Wakulima wa mabara yote walijua kwa uzoefu kwamba shamba lililopandwa jamii ya kunde huzaa vizuri msimu unaofuata. Mwaka 1886 Wajerumani Hermann Hellriegel na Hermann Wilfarth walionyesha kwamba siri iko kwenye vinundu vya mizizi, na kwamba udongo ukiuawa vijidudu vyake kwa joto, vinundu havitokei na mmea hukosa nitrojeni. Miaka miwili baadaye, 1888, Martinus Beijerinck alimtenga bakteria mwenyewe. Beijerinck wakati huo alikuwa mwajiriwa wa kiwanda cha hamira na pombe katika mji wa Delft, mji uleule wa Leeuwenhoek.

Makubaliano kati ya kunde na bakteria yana masharti ya pande zote. Mmea hutoa sukari. Bakteria, akiwa ndani ya kinundu, huivunja nitrojeni ya hewa kwa kimeng'enya ambacho huharibika kikiguswa na oksijeni, wakati yeye mwenyewe anaihitaji oksijeni ili apumue. Mmea hutatua ugomvi huo kwa kutengeneza protini inayoshika oksijeni na kuigawa kidogokidogo, ndugu wa ile inayobeba oksijeni katika damu yetu. Ndiyo sababu ukipasua kinundu kizima cha mzizi wa kunde au harage, ndani utakuta wekundu.

Mrusi Sergei Winogradsky, akifanya kazi Strasbourg na baadaye Zurich, alikwenda mbali zaidi. Mwaka 1887 alieleza bakteria wanaopata nguvu ya kuishi kwa kuunguza salfa, kisha akawapata wengine wanaoishi kwa kubadili amonia ya udongoni kuwa nitrati, chakula kinachopendwa na mimea. Kabla yake iliaminika kwamba nguvu ya viumbe hai wote hutoka kwenye jua au kwa kula kilicholishwa na jua. Winogradsky alionyesha uhai unaojilisha kwa madini. Hapo ndipo ile kauli ya Cohn kuhusu kuoza ilipopata uzito wake, kwa sababu mbolea, rutuba na mavuno vilikuwa na mtendaji anayejulikana.

Ganda na urithi

Mwaka 1928 ofisa wa wizara ya afya mjini London, Frederick Griffith, alikuwa akijaribu kuelewa bakteria wa nimonia ili itengenezwe chanjo. Bakteria hao walikuja kwa sura mbili. Wale wenye ganda laini la sukari juu ya ukuta waliua panya, maana ganda hilo huwafanya washindwe kukamatwa na seli za kinga. Wale wasio na ganda hawakudhuru. Griffith aliwaua wenye ganda kwa joto, akachanganya mabaki yao na wasio na ganda walio hai, akawadunga panya. Panya wakafa, na katika damu yao akakuta bakteria hai wenye ganda. Walio hai walikuwa wamejifunza kutoka kwa wafu kutengeneza ganda, na watoto wao walizaliwa nalo.

Griffith aliuawa katika mashambulizi ya mabomu mwaka 1941 bila kujua kilichohama ni nini. Jibu lilitolewa New York mwaka 1944 na Oswald Avery, Colin MacLeod na Maclyn McCarty. Waliondoa kutoka kwenye mabaki hayo sukari, protini na kila walichoweza, na uwezo wa kugeuza ukabaki mpaka walipoiharibu DNA. Kwa hiyo siri ya urithi wa viumbe, inayofundishwa leo shuleni kwa mifano ya wazazi na watoto, ilithibitishwa kwanza kwa mapokeo ya ganda la bakteria.

Wanasayansi walipoingia zaidi ndani walishangazwa na uchache wa vyombo. Katika seli ya mtu, ya mhogo au ya uyoga, DNA hukaa ndani ya kiini kilichozungushiwa utando. Bakteria hana kiini. DNA yake, mara nyingi pete moja ndefu, imejikunja ndani ya ute wa seli pamoja na ribosomu, mitambo midogo inayotengeneza protini. Kwa ujenzi huo mwepesi, Escherichia coli, mkazi wa matumbo yetu aliyeelezwa na Theodor Escherich mwaka 1885, anaweza kujigawa kila baada ya dakika 20 akipata chakula na joto la kumtosha.

Pembeni ya pete kubwa, bakteria wengi hubeba pete ndogo za DNA ambazo Joshua Lederberg aliziita plazimidi mwaka 1952. Miaka sita kabla, yeye na Edward Tatum walikuwa wameonyesha kwamba bakteria wawili wanaweza kugusana na kupeana urithi. Hii ina maana kwamba bakteria harithi kwa mzazi peke yake. Hurithi pia kwa jirani.

Dawa na maumbile

Dawa za kuua bakteria zilipatikana kwanza, sababu ya kufanya kazi ikajulikana baadaye. Penisilini, iliyogunduliwa na Alexander Fleming mwaka 1928 na kufanywa dawa na kundi la Howard Florey na Ernst Chain huko Oxford, ilibainika katika miaka ya 1950 na 1960 kwamba inazuia ule wavu wa ukuta usifungwe mafundo yake. Bakteria anakua, ukuta unashindwa kushika, anapasuka. Seli ya binadamu haina ukuta huo, ndiyo maana kwa kawaida mgonjwa huinywa bila kudhurika.

Bakteria wa kifua kikuu hakujali penisilini, kwa sehemu kwa kuwa amevaa juu ya ukuta wake tabaka nene la nta. Dawa yake ya kwanza iliyofaa, streptomaisini, ilitengwa mwaka 1943 na Albert Schatz katika maabara ya Selman Waksman huko New Jersey, kutoka kwa bakteria wa udongoni. Hiyo haikugusa ukuta. Ilikamata ribosomu za bakteria zikatengeneza protini mbovu. Baadaye ikaja aisoniazidi mwaka 1952, inayozuia ile nta isitengenezwe.

Katika hatua inayofuata Afrika Mashariki iliandika sura yake yenyewe. Tiba ya kifua kikuu ilikuwa ikichukua mwaka mmoja na nusu au zaidi, na wagonjwa wengi waliiacha njiani mara tu kikohozi kilipopungua. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 wagonjwa wa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia walishiriki majaribio yaliyoendeshwa pamoja na watafiti wa Uingereza, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 1972 yalionyesha kwamba mchanganyiko wa dawa wenye rifampisini unaweza kuponya kwa miezi sita. Mwaka 1977 Tanzania ilianzisha mpango wa taifa wa kifua kikuu na ukoma, kwa ushauri wa daktari Karel Styblo, uliojengwa juu ya upimaji wa makohozi kwa hadubini na kumeza dawa chini ya uangalizi. Mfano huo ndio Shirika la Afya Duniani lililoueneza miaka ya 1990 katika nchi nyingine.

Lakini ile tabia ya kurithi kwa jirani ilikuwa kazini. Mwishoni mwa miaka ya 1950 madaktari wa Japani waliwakuta bakteria wa kuhara damu wasiosikia dawa nne kwa mpigo, na wakagundua kwamba uwezo huo unahamishika kutoka kwa bakteria mmoja hadi mwingine, hata wa aina tofauti. Mbeba mzigo alikuwa plazimidi. Kila dawa iliyotumika ovyo tangu hapo, hospitalini na mazizini, imekuwa ikiwachagua wenye pete hizo na kuwaachia uwanja.

Undugu

Mwaka 1962 Roger Stanier na Cornelis van Niel waliandika wazi kwamba viumbe hai wana mpaka mkubwa kati ya wenye kiini na wasio na kiini. Kauli hiyo iliacha swali: wenye kiini walitoka wapi?

Mwaka 1967 Lynn Margulis wa Marekani, baada ya makala yake kukataliwa na majarida mengi, alichapisha hoja kwamba mitokondria, sehemu za seli zinazotengeneza nguvu, zilikuwa bakteria waliojitegemea. Zamani za kale walimezwa na seli nyingine, hawakusagwa, wakabaki humo wakifanya kazi. Alisema hivyohivyo kuhusu kloroplasti, sehemu ya kijani ya majani. Alichekwa, mpaka uchunguzi wa DNA ulipomthibitisha: mitokondria zina pete yao ya DNA, na ribosomu zinazofanana na za bakteria. Mwaka 1977 Carl Woese na George Fox, wakilinganisha ribosomu za viumbe mbalimbali, walionyesha kwamba hata wasio na kiini wenyewe ni koo mbili. Ukoo wa pili leo unaitwa akea.

Wanajiolojia nao walikuwa na habari yao. Miamba ya Australia Magharibi ina alama za makundi ya vijidudu vilivyoishi miaka takriban bilioni 3.5 iliyopita. Bakteria wa kijanikijani waitwao sayanobakteria walijifunza kutumia mwanga wa jua kupasua maji, wakitoa oksijeni kama taka, na miaka kama bilioni 2.4 iliyopita oksijeni hiyo ilianza kujaa angani. Wazao wao wako hapa kwetu. Heroe wa Ziwa Natron, Nakuru na Bogoria huwachuja sayanobakteria kutoka kwenye maji ya magadi, na rangi yao ya waridi hutoka kwenye chakula hicho. Ng'ombe hawezi kusaga nyasi bila bakteria wa tumboni mwake. Mtu mzima naye, kwa hesabu iliyochapishwa mwaka 2016, hubeba bakteria wapatao trilioni 38, dhidi ya seli zake mwenyewe trilioni 30.

Undugu wa mitokondria na bakteria uliwahi kuonekana hospitalini kabla haujaelezwa. Tangu mwanzo, baadhi ya wagonjwa waliodungwa streptomaisini walipona kifua kikuu lakini wakapoteza usikivu. Mwaka 1993 ilibainika kwamba katika familia ambazo watu wake huziwika upesi kwa dawa za jamii hiyo, kuna badiliko dogo kwenye DNA ya mitokondria, linaloifanya ribosomu ya mitokondria ifanane zaidi na ya bakteria. Dawa ilikuwa haijakosea. Ilimkamata iliyetengenezwa kumkamata, isipokuwa huyu alikuwa ni wa upande wa mgonjwa, akiishi ndani ya seli za sikio. Katika miaka ya karibuni Shirika la Afya Duniani limehimiza vidonge vichukue nafasi ya sindano hizo katika kutibu kifua kikuu sugu, na uziwi huo ni sababu mojawapo.

Koch na wenzake walianza kwa kuuliza namna ya kumtofautisha bakteria na mwili aliouvamia, na swali hilo limeokoa mamilioni ya watu. Karne iliyofuata ilionyesha kwamba jibu lina kikomo. Ukuta tunaweza kuushambulia, kwa sababu hatuna wa namna ile. Kadiri dawa inavyoingia ndani zaidi ya mwili wake, ndivyo inavyokaribia kutugusa na sisi.